Shimo Lake, Maji ya Nani?

Upande wa kutawadhia wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kuna mawe ya mviringo ambayo wageni wengi huyapita bila kuyaona. Macho yao yamekwisha tekwa na kuba na nguzo. Mawe hayo yaliwekwa kwa kazi moja, kusugulia nyayo. Karibu nayo ipo sehemu ya kisima na mabirika. Mtu alitoka njiani na mchanga miguuni, akachota, akamimina, akasugua, akaingia kuswali. Msikiti ulijengwa mara ya kwanza katika karne ya 11, ukapanuliwa baadaye mpaka ukawa mkubwa kuliko misikiti yote ya pwani ya wakati wake. Ibada ndani yake ilianzia nje, kwenye kamba na ndoo.

Kisiwa hicho hakina mto. Kimezungukwa na chumvi pande zote. Mji uliokuwa na masultani, sarafu zake wenyewe na wafanyabiashara wa dhahabu ya Sofala uliishi kwa maji yaliyoshuka kama mvua, yakapenya katika mchanga na matumbawe, yakatulia chini kusubiri ndoo. Wareno walipouvamia mwaka 1505, mmoja wa walioandika habari za safari ile alitaja bustani za Kilwa, pamoja na michungwa yake, zilizonyweshwa kwa maji ya visima. Miaka mia moja na sabini na kitu kabla yao, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa akiwa njiani kuja Kilwa. Aliona visima milangoni mwa misikiti, vifupi mno, dhiraa moja au mbili, watu wakichota kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba na kuosha miguu kabla ya kuingia.

Dhiraa moja au mbili! Yaani mkono wa mtu ulikaribia kuyagusa.

Ukaribu huo ndio mzizi wa swali linaloikabili pwani ya Kilwa na Lindi leo, na ni swali la dini na la falsafa kabla halijawa la mabomba. Maji yaliyo chini ya kiwanja cha mtu ni ya nani? Ni ya aliyechimba, ya jirani, ya serikali, ya wajukuu, au ni ya Mungu kwa namna ambayo humzuia kila mmoja wa hao kusema "yangu" bila kusita?

Kwanza hali ya maji yenyewe, kwa sababu hukumu juu ya kitu hufuata ujuzi wa kitu hicho. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari. Katika kisiwa cha matumbawe, au kwenye ukanda wa mchanga ulio kando ya bahari, maji baridi yanayopenya hayachanganyiki upesi na chumvi iliyo chini. Huelea juu yake. Huelea kama jahazi lililosheheni, sehemu ndogo juu ya usawa wa bahari, sehemu kubwa imezama. Mhandisi Mholanzi Willem Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Alexander Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walikokotoa uwiano wake: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Hesabu hiyo inafurahisha mpaka isomwe kinyumenyume. Maji yakivutwa hata yakashuka shibiri moja kwa juu, sentimita 20 tu, chumvi kwa chini huelekea kupanda kama mita 8. Mwenye kisima huona shibiri. Zile mita nane hakuna azionaye.

Waswahili husema maji usiyoyafika hujui wingi wake, wakimaanisha mambo ya dunia kwa jumla. Kwa maji ya ardhini methali hiyo ni kweli tupu, bila fumbo lolote.

Sasa sheria ya dini. Waislamu wa pwani hii kwa wingi wao hufuata madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa katika darsa za pwani kwa vizazi. Ndani ya fikihi hiyo mambo ya maji yamo katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu, na yamefikiriwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Maji yaliyokwisha ingia mtungini ni ya mwenye mtungi. Maji ya mto mkubwa hayana mwenyewe. Kisima kilichochimbwa katika ardhi ya mtu kina mwenyewe, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi hata maji yake anayamiliki, lakini umiliki huo umetobolewa tundu kubwa. Kilichozidi haja yake hawezi kumnyima mwenye kiu, wala mnyama mwenye kiu. Shamba la jirani anaweza kulinyima. Koo, hapana.

Mtume, kwa mapokezi yanayojulikana sana, alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na wakati wa Madina kilikuwepo kisima cha Ruma, ambacho mwenyewe aliyauza maji yake kwa watu waliohama Makka wakiwa hawana kitu. Uthman bin Affan alitaka kukinunua. Mapokezi mengine yanasimulia kwamba mwenye kisima alikubali kuuza nusu tu, siku moja yake, siku moja ya Uthman. Siku ya Uthman watu wakachota bure, tena wakachota ya siku mbili. Siku ya pili hakuja mnunuzi. Mwishowe mwenye kisima akauza nusu iliyobaki, na kisima chote kikawa wakfu. Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya ukarimu, nayo ni haki. Lakini kinafundisha pia kwamba maji yakishafunguliwa kwa wote, haki ya kuyauza huporomoka yenyewe. Hakuna aliyepokonywa kitu.

Kuna mahali pengine katika fikihi ya Kishafi ambapo mtu wa Kilwa Masoko au Lindi Mjini anapaswa kusimama kwa muda mrefu zaidi. Wanazuoni walijiuliza: mtu akichimba kisima kwake, maji ya kisima cha jirani yakapungua, je, amekosa? Jawabu lao la jumla ni kwamba kila mmiliki hutumia mali yake kwa mujibu wa ada, yaani desturi ya watu katika kutumia mali ya namna hiyo, hata kama jirani ataguswa na athari. Akivuka ada, analipa.

Neno zito hapo ni ada. Fikihi hii iliandikwa katika dunia ya kamba, kapi na ndoo. Ada ya kuchota ilikuwa na mlinzi ambaye hakuna aliyemwajiri, naye ni uchovu. Mikono iliuma. Kamba ilikatika. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani alijua bei ya kila kata ya maji kwa shingo yake. Hakuna aliyehitaji kutunga sheria ya kiasi, kwa kuwa mwili wa binadamu ulikuwa ndio sheria. Pampu ya umeme haina mwili. Huwashwa kwa kidole, ikajaza tangi la lita elfu tano huku mwenyewe amelala, ikiendelea kuvuta hata tangi likifurika usiku kucha. Na ya jua haina hata bili ya kumkumbusha mtu.

Je, hiyo ni ada? Mtu anaweza kusema kwamba ndiyo, kwa kuwa leo kila mwenye uwezo ana pampu. Jibu hilo ni dhaifu. Ada waliyoitegemea wanazuoni haikuwa wingi wa watu wanaofanya jambo. Ilikuwa kipimo kilichokwisha jaribiwa kwa muda mrefu mpaka ikajulikana kwamba majirani wanaweza kuishi nacho. Pampu haijapita mtihani huo. Katika ardhi ya matumbawe inayopakana na bahari, mahali pengi itaufeli. Kwa hiyo anayevuta kwa mashine kando ya bahari bila kujua kiasi amekwisha vuka ada, hata kama mtaa mzima unafanya kama yeye, na kauli ya kwamba anayevuka analipa inamhusu.

Inafaa kutazama jinsi watu wengine walivyojibu swali hilohilo, maana jibu lao liliwahi kutawala sehemu kubwa ya dunia. Mwaka 1843 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Acton dhidi ya Blundell. Mwenye kiwanda cha pamba huko Lancashire alikuwa na kisima. Mtu aliyechimba makaa ya mawe jirani akakausha maji yake. Mahakama ikampa ushindi mchimba makaa. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba maji ya chini ya ardhi hayaonekani, njia zake hazijulikani, hivyo hayawezi kuwekewa haki kama za mto unaopita juu. Mwenye ardhi ana ruhusa ya kuvuta atakavyo. Mwaka 1861 mahakama ya jimbo la Ohio, Marekani, ilifuata njia hiyo, ikieleza kuwa mwendo wa maji hayo ni siri kiasi kwamba sheria haiwezi kuushika.

Hapo ndipo pwani ya Kilwa ina neno la kusema mbele ya mahakimu wale. Kutoonekana kwa maji kuliwapa wao sababu ya kumwachia mtu mkono. Kwa mtu wa dini, jambo lisiloonekana ndilo linalomtaka ajizuie zaidi. Imani ya Kiislamu imejengwa juu ya kuamini ghaibu. Mkristo naye hufundishwa kwamba imani ni yakini ya mambo asiyoyaona. Anayeamini kwamba malaika wa kulia na kushoto wanaandika, ingawa hajawahi kuwaona, hawezi kudai kwamba chumvi inayopanda chini ya kisima cha jirani haimhusu kwa kuwa haionekani. Qurani yenyewe imelitaja jambo hili waziwazi kuliko mtu angetarajia. Katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 18, Mungu anaeleza kwamba maji aliyateremsha kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na kwamba kuyaondoa pia anaweza. Na Sura ya Al-Mulk, ambayo wengi pwani huisoma kila usiku kabla ya kulala, inamalizika kwa swali kuhusu maji kudidimia ardhini na nani atakayeyarudisha. Watoto wa madrasa wanalijua swali hilo kwa moyo. Limekaa midomoni mwao miaka yote, na juu ya vichwa vyao tangi linafurika.

Kwa kipimo. Mvua ya Kilwa haizidi sana milimita 1,000 kwa mwaka wa kawaida, na nyingi yake hunyesha kati ya Desemba na Mei mwanzoni. Baada ya hapo ni kusi, na jua. Kinachopenya ardhini katika miezi hiyo ndicho riziki ya mwaka mzima. Mvua kubwa haimaanishi kwamba maji yamepenya. Mwezi Mei 2024, mafuriko yaliyoandamana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, magari yakapanga foleni Somanga, na maji yale yote yakakimbilia baharini na udongo mwekundu wa watu. Ardhi iliyovuliwa miti haina subira ya kuyapokea.

Hukumu ya kiasi ipo ndani ya ibada ya kila siku pia. Imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho walimu wa pwani wamezoea kukifananisha na kibaba, na kuoga kwa pishi moja hivi. Alimkataza swahaba wake Saad asifanye israfu katika udhu, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Kibaba cha maji kinatosha mikono, uso na miguu. Aliyetawadha kwa kata anajua. Bomba likifunguliwa wazi kutoka nia mpaka mguu wa kushoto, vibaba vinavyokwenda na mtaro havihesabiki. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba israfu kubwa ya maji katika mtaa inaweza kutokea mahali pa kujitayarisha kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu.

Usafi wa maji nao una somo lake. Mtoto wa chuoni hufundishwa kwamba maji yakifika qulla mbili, kiasi cha lita 200, karibu pipa moja la mafuta, hayanajisiki ila rangi, ladha au harufu yake ibadilike. Ni kanuni ya busara, na ibada kwayo ni sahihi. Lakini ni kanuni ya twahara, haikuwekwa kuwa kipimo cha afya. Matumbawe yana matundu. Maji ya choo kilicho jirani hupita upesi mno, bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga mzito, yakafika kisimani yakiwa meupe na bila harufu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi Zanzibar na Kilwa, na daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar akaandika kitabu, kilichochapishwa mwaka 1876, akifuatilia njia za ugonjwa ule. Visima vya wakati ule vingi vingepita mtihani wa rangi, ladha na harufu. Sheria ya kulinda nafsi, ambayo wanazuoni wameiweka miongoni mwa makusudio makuu ya dini, inamtaka mwenye choo apime umbali wake na kisima cha mwenziwe kwa bidii ileile anayopima kibla.

Lakini maji hayaanzii pwani. Yanayofika chini ya minazi ya Kivinje na Masoko, Mchinga na Lindi mengine yanatoka mbali bara, pamoja na mito ya Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi. Serikali imeiweka mito hiyo pamoja na Ruvuma katika bonde moja kati ya mabonde tisa ya nchi, Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambalo bodi yake ina makao Mtwara. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, yamewekwa kwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini! Neno hilo, msomaji wa fikihi analitambua mara moja. Ni amana. Mwanasheria wa Dodoma na sheikh wa Kivinje hapa wanakaribiana kuliko wanavyojua: hakuna mwenye maji, kuna mwenye kuyalinda. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitanguliza mahitaji ya binadamu, kisha mazingira, kabla ya kilimo na viwanda. Fikihi iliyatanguliza makoo.

Hata mipaka inashabihiana. Mapokezi ya kale yanampa aliyechimba kisima katika ardhi isiyo na mtu harimu ya dhiraa 40 kuzunguka, mahali pa wanyama wake kulala baada ya kunywa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au ukingo wa bahari. Malengo yanatofautiana. Harimu inampa mchimbaji nafasi, mita 60 zinayapa maji nafasi. Ila zote mbili zinakubali kwamba maji yana mwili mpana kuliko tundu linaloonekana.

Harimu ile ya wanyama si habari ya jangwa la Uarabuni tu. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa kusini, Kilwa na wilaya nyingine za Lindi, pamoja na maelfu ya ng'ombe. Mkoa uliokuwa na mifugo michache ukajikuta na mapito ya ng'ombe katikati ya ufuta na mpunga. Ugomvi wa kiangazi umekuwa mwingi, na mara nyingi chanzo chake ni mahali pa kunyweshea. Mkulima anaona kingo za mto zimevurugwa, naye hasemi uongo. Mfugaji ana ng'ombe aliyetoa ulimi nje, na dini zote mbili za mkoa huu zinamtambua ng'ombe huyo. Haki ya mnyama kunywa imethibiti; haki ya kundi zima kukanyaga chemchemi haijathibiti popote. Mabirika ya kunyweshea yaliyojengwa mbali na chanzo yangemaliza nusu ya kesi hizo, na kuyajenga ni sadaka sawa na kujenga msikiti. Wako watu wenye uwezo Lindi na Dar es Salaam wanaotafuta sadaka ya kudumu kwa wazazi wao waliotangulia. Wapewe ramani ya mapito ya ng'ombe.

Ukipanda zaidi bara, kwenye vilima vya Wamatumbi, maji yanaonyesha tabia yake nyingine. Huko ni mawe ya chokaa, na mvua imeyatoboa kwa muda mrefu kupita hesabu ya wanadamu. Mapango ya Nang'oma ni miongoni mwa makubwa kabisa nchini. Maji huingia shimoni upande mmoja wa kilima na kutokea pengine. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayetupa uchafu kwenye shimo la kwake hajui anamnywesha nani.

Nandete, kwenye vilima hivyohivyo, ndipo pamba iling'olewa Julai 1905, Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwaka mmoja kabla yake, huko Ngarambe, simulizi zinasema Kinjeketile Ngwale alichukuliwa na pepo Hongo akazama kidimbwini, na kesho yake akatoka na nguo kavu, akiwa na habari ya dawa ya maji ya kuzuia risasi. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro Agosti 1905, na dawa haikuzuia risasi. Historia imekwisha sema yake juu ya hilo. Lakini kabla ya vita, watu wa vilima hivi waliamini kwamba kilindi kina mwenyewe, na kwamba kukifikia kunahitaji adabu. Waislamu na Wakristo waliofuata walikuwa na haki ya kukataa kumwabudu mwenyewe huyo. Hawakuwa na haja ya kuitupa adabu. Mti wa chemchemi ukishavuliwa heshima ya mzimu na usipewe heshima nyingine badala yake, panga hufika. Msikiti na kanisa vilipochukua nafasi ya mzimu, vilirithi pia kazi yake ya ulinzi, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa haijafanywa.

Suala la malipo nalo halikwepeki. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake, tena bure. Kusini, Wafini walikuja na fedha na mafundi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 vijiji vingi vya Lindi na Mtwara vikapata visima vifupi na pampu za mkono za Nira. Wazee wa vijiji hivyo bado wanalitamka jina hilo. Kisha mpira ukachakaa, kipuri hakikupatikana, mpini ukafungwa kamba. Maji yalikuwa chini palepale, safi, umbali wa mita chache, na akina mama wakarudi kwenye dimbwi. Sera zilizofuata zikasema mtumiaji achangie, na RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inasimamia vijijini vyombo vya jamii vinavyokusanya senti kwa ndoo. Kuna wanaouliza kwa uchungu: maji ya Mungu yanauzwaje? Swali ni halali. Kisima cha Ruma kinalijibu nusu, kwamba maji hayauzwi kwa aliye na dhiki. Nusu nyingine ni kwamba mpira, bomba na fundi havikuteremka na mvua. Kinachotakiwa kuchunguzwa kijiji kwa kijiji ni kama senti za ndoo zinarudi kwenye pampu, na kama mjane asiye na senti anachota mbele ya wengine bila kudhalilishwa. Kijiji kikishindwa hilo la pili kimerudi upande wa muuzaji wa Ruma, hata kama daftari lake la fedha ni safi.

Na miji inakua. Lindi Mjini inanywa maji ya visima virefu vya Ng'apa. Kilwa Masoko jiwe la msingi la bandari kubwa ya uvuvi liliwekwa Septemba 2023, na bandari ya uvuvi hutaka barafu, kusafisha samaki, nyumba za wafanyakazi, hoteli. Kila moja ya hizo ni tundu jipya ardhini, au kiu mpya juu ya tundu la zamani. Ofisi ya bonde iliyo Mtwara haiwezi kusimama juu ya kila shimo la pwani yenye urefu huu. Sheria inaacha matumizi ya nyumbani bila kibali, na ni sawa. Lakini nyumba elfu moja zenye pampu si jambo la nyumbani tena.

Taasisi iliyo karibu na kila kisima ipo tayari, nayo ni msikiti. Una kisima chake, una kamati, una watu wanaokutana mara tano kwa siku na mahali pa kuzungumza kila Ijumaa. Una hata mtu anayejua kutazama majira. Kipimo cha kina cha maji ni kamba yenye uzito mwishoni na fundo kila nusu mita. Kipimo cha chumvi cha kuanzia ni ulimi, na kwa bei ndogo kipo kifaa cha mkononi kinachoonyesha namba. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuandika mambo mawili kila Ijumaa asubuhi, maji yamefika fundo la ngapi na chumvi ni kiasi gani, akitaja kama bahari imejaa au imekupwa, kwa sababu visima vya ufukweni hupanda na kushuka pamoja nayo. Baada ya kusi mbili na kaskazi mbili, mtaa utakuwa na jambo ambalo masultani wa kasri la Husuni Kubwa, na bwawa lao la kuogea lenye pembe nane, hawakuwa nalo: kuyaona maji ya chini yakienda na kurudi.

Ndipo imamu wa Masoko au Kivinje atakapokuwa na la kujibu, jirani wawili wakija kushitakiana baada ya swala ya alasiri. Mmoja atasema kisima cha baba yake kimegeuka chumvi tangu pampu ya mwenziwe ilipowekwa. Mwenziwe atasema shimo ni lake na hati anayo. Imamu ataomba daftari kwa mtoto, aangalie mafundo ya mwaka jana na ya mwaka huu, kisha aulize pampu huwashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi.